Namba za Kufikia Mbogani

Latitudo nyuzi 1 na dakika 21 kusini, longitudo nyuzi 36 na dakika 43 mashariki. Ukiipa simu namba hizi itakutoa katikati ya Nairobi, ikupitishe Barabara ya Lang'ata hadi Bomas, kisha ikuingize mtaa wa Karen wenye nyua ndefu na miti mirefu zaidi. Itakuacha karibu, lakini si mlangoni. Dakika moja ya latitudo ni takriban kilomita 1.85, kwa hiyo namba zilizokatwa namna hii zinaweza kukukosesha lengo kwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Wachezaji wa jiokashi, mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa kwa kufuata namba za mahali, huziandika hadi sehemu ya elfu ya dakika, yaani chini ya mita 2, kwa sababu wanachokisaka pengine ni kimkebe kisichozidi kidole gumba. Mimi nilikuwa nasaka nyumba nzima: ile iitwayo Mbogani, iliyojengwa 1912, ambayo leo ni Makumbusho ya Karen Blixen.

Mchezo wenyewe ni mtoto wa uamuzi wa kijeshi. Setilaiti za GPS ni mali ya Marekani, na kwa miaka mingi wakubwa wake waliwapa raia mawimbi yaliyovurugwa makusudi, hata kipokezi cha mtu wa kawaida kikawa kinakosea kwa kadiri ya mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uvurugaji huo ulizimwa. Tarehe 3 ya mwezi huohuo bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer alibeba ndoo nyeusi hadi msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani yake alitia vitabu, kanda za video, manati, mkebe wa maharage na daftari, kisha akawatangazia wenzake namba za mahali. Haikupita wiki ndoo ikapatikana. Leo vitu vilivyofichwa hivyo vinazidi milioni 3 duniani kote, na kanuni zake ni chache: andika jina lako kwenye daftari, ukichukua kitu acha kingine cha thamani ileile, rudisha mkebe ulipoukuta, usichimbe ardhi, na wapita njia wasikuone.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi nikiwa Nairobi. Katika jiji lililoonja bomu la 1998, kisha mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na DusitD2 mwaka 2019, mtu anayeinama chini ya benchi akipapasa kifurushi kilichozungushiwa utepe mweusi hamchekeshi mlinzi yeyote. Isitoshe, mchezo wenyewe unadai ruhusa ya mwenye ardhi kabla ya kuficha chochote, na uwanja wa makumbusho ya taifa si mahali pa kupachika mikebe kwenye mashina ya miti. Lakini ipo namna nyingine ya jiokashi isiyo na mkebe kabisa. Namba zinakupeleka mahali, na ukifika unakuta swali ambalo jibu lake linapatikana hapohapo tu, kwa kutazama, kuhesabu au kuuliza. Msako wa namna hiyo ndio niliowaandalia wapwa zangu wawili, wanafunzi wa sekondari ambao historia kwao ilikuwa orodha ya magavana.

Kuandaa pointi zenyewe ndiko kulikonifundisha jambo. Kila mtu aliyekuwa na hati ya ardhi mahali hapa ana sehemu ninayoweza kuiwekea namba: nyumba yake, kiwanda chake, hata kaburi lake. Mamia ya watu walioishi na kulima hapahapa bila hati hawana. Shamba hili kwa sehemu kubwa lilikuwa lao, lakini ukilitafuta kwa setilaiti unaishia kwenye ubaraza wa Mzungu.

Basi na tuanze na ubaraza. Nyumba ni ya chini, ya mawe ya kijivu na vigae vyekundu, vyumba vyake vimepigwa mbao za rangi ya kahawia iliyokolea, na uwanja wake wa nyasi unaelekea vilima vya Ngong ambavyo siku ya mawingu machache huonekana vyote, kilele baada ya kilele. Aliyeijenga si Karen Blixen. Ni Åke Sjögren, mhandisi kutoka Sweden, ambaye shamba lake lilinunuliwa na akina Blixen. Karen Dinesen wa Denmark alishuka Mombasa Januari 1914 na kuolewa siku hiyohiyo na Bror Blixen, kabaila wa Sweden, huku mwana wa mfalme wa Sweden akiwa shahidi. Mwanzoni walikaa katika nyumba ndogo zaidi ya Mbagathi, na mwaka 1917 wakahamia Mbogani. Ndoa haikudumu. Bror alikuwa mwindaji hodari na mwenye hesabu mbovu. Ndugu zake Karen, ambao fedha zao ndizo zilizokuwa zikiteketea, walimwondoa kwenye usimamizi wa shamba mwaka 1921, na talaka ikafuata 1925. Bibi akabaki peke yake na kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company. Mtaa ulirithi jina hilo, ingawa wapo wasemao kuwa Karen wa kampuni ni binti wa mwenyekiti wake, mjomba wa Blixen huko Denmark. Blixen mwenyewe aliamini mtaa umeitwa kwa jina lake. Sioni haja ya kugombana na marehemu.

Ukubwa wa shamba ndio swali la kwanza nililowapa vijana, na nililiweka makusudi kwa sababu lina majibu mawili. Waandishi wengi hutaja ekari 4,500. Katika kitabu chake cha 1937, *Out of Africa*, mwenye shamba anasema 6,000. Kahawa ilichukua ekari 600 hivi. Sehemu nyingine ilikuwa msitu na mbuga. Na kama ekari 1,000, kwa maneno yake, zilikuwa za maskwota, yaani za Wakikuyu waliokuwa wakiishi ndani ya shamba.

Sheria iliyowafanya kuwa maskwota yafaa ielezwe, maana bila hiyo nyumba hii ni pambo tu. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1902 iliwapa walowezi ukodishaji wa miaka 99. Ile ya 1915 ikaurefusha hadi miaka 999, na kwa hesabu ya serikali Waafrika wakawa wanaishi kwa hisani kwenye ardhi ya Mfalme. Savea alipita na mnyororo na darubini, akapanda bikoni kwenye kona, akachora mistari, na kila kilichomo ndani ya mistari kikawa na namba na mwenyewe. Familia iliyokutwa ndani ikapewa uchaguzi: ihame, au ibaki na mifugo yake kwa kulipa jasho. Mwaka 1918 kiwango kikaandikwa sheriani: siku 180 za kazi kwa mwaka kwa mwenye shamba. Mara tu baada ya vita kuu ya kwanza kikaja kipande, ambacho kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kukivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kijana wangu mkubwa aliuliza kama hicho nacho kilikuwa na namba. Kilikuwa nayo.

Pointi ya pili iko miongoni mwa miti, kwenye mabaki ya mashine za kahawa. Watalii hupiga picha hapo haraka wakarudi kwenye maua. Mimi ningewashauri wakae, kwa kuwa vyuma hivi vinaeleza kilichoangusha shamba kuliko barua zote za mapenzi. Mbuni huchukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kuzaa, na miaka yote hiyo mkulima anatoa fedha tu. Shamba lilikuwa juu ya futi 6,000. Huko Kiambu mwinuko unaokaribia huo haukuizuia kahawa kuwatajirisha watu, lakini upande huu wa Ngong mvua ilikuwa haitabiriki, usiku wenye baridi kali ulipita juu ya maua, na udongo haukuwa rafiki. Mwaka 1923 kiwanda kikaungua. Kilijengwa upya. Baadaye nzige walikuja, na bei ya kahawa ikaporomoka pamoja na uchumi wa dunia baada ya 1929. Ndugu wa Denmark wakachoka. Ukweli ambao kitabu chenyewe kinaukiri mapema ni kwamba kahawa haikupaswa kupandwa hapa. Walioujua udongo huu kabla ya savea walikuwa wakipanda mahindi, maharage na viazi, na ndivyo waliendelea kupanda kwenye zile ekari 1,000.

Upande wa magharibi wa nyumba niliweka pointi ya jiwe la kusagia. Kitabuni ni meza: jiwe la juu la kinu cha Wahindi wawili waliouawa, ambalo mwenye nyumba alilileta kwake baada ya kinu kuachwa ukiwa. Wahindi hao walikuwa wamemweleza kuwa jiwe lilivuka bahari kutoka Bombay, kwa kuwa mawe ya Afrika si magumu ya kutosha kusagia. Wapwa zangu, ambao bibi yao anasagia wimbi kwenye jiwe la Murang'a hadi leo, walilipinga hilo palepale, na niliwapa alama kamili. Kwenye meza hiyo Blixen alizungumza na watu waliokuja na shida zao, na jioni alikaa na rafiki yake Denys Finch Hatton. Mazungumzo na wafanyakazi na maskwota yalikuwa kwa Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao: si Mdenmark, si Wakikuyu, wala si Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba na hesabu zake tangu mwanzo hadi mwisho. Watu walimwita Msabu.

Uwanja wa nyasi ndiyo pointi niliyoipenda kuliko zote, na haina bango lolote. Hapa wazee wa kiama, yaani baraza la Wakikuyu, walikaa siku nyingi kuamua kesi ya bunduki. Mtoto wa jikoni aitwaye Kabero, akicheza mbele ya wenzake, alifyatua bunduki ya Mzungu mmoja wa shamba. Mtoto mmoja alikufa, mwingine, Wanyangerri, akavunjwa taya, na Kabero akakimbilia kwa Wamaasai. Blixen anakumbuka alivyoduwaa kuona kuwa wazee hawakuwa na haja ya kujua nia ya mtoto. Walitaka kujua hasara ni kiasi gani na italipwa kwa ng'ombe na kondoo wangapi, na baba wa Kabero, mzee Kaninu, alikuwa na mifugo. Msabu aliona katika jambo hilo ugeni usiofahamika. Mimi naona mahakama. Ilikuwa na mashahidi, ilikuwa na rufaa, na iliposhindikana aliitwa Chifu Kinanjui wa Gathirimu, aliyewahi kufika hapa kwa motokaa kubwa aliyoinunua kwa balozi mdogo wa Marekani. Jambo lililomshughulisha Kinanjui lilikuwa ng'ombe mmoja na ndama wake, akalimaliza. Niliwataka vijana wasimame katikati ya nyasi, wakadirie wazee wangapi wangeweza kukaa kwenye kivuli kilichopo saa sita. Walibishana sana kuhusu vivuli.

Ndani ya nyumba simu haikusaidii tena. Chini ya paa la vigae setilaiti hupotea au alama yako huruka hadi barabarani. Hapo msako ni wa macho. Mwaka 1931 fanicha iliuzwa, na sehemu kubwa ilinunuliwa na Lady McMillan, mjane ambaye familia yake iliipa Nairobi ile maktaba yenye simba wa mawe mlangoni, maktaba iliyokuwa ya Wazungu pekee kwa miaka mingi. Vitu kadhaa vimerudi Mbogani. Vingine vilivyomo ni vya filamu ya Sydney Pollack ya 1985, iliyozoa tuzo 7 za Oscar na kuijaza nyumba wageni. Kwa hiyo swali langu la sebuleni lilikuwa: nini ni cha Blixen na nini ni cha Hollywood? Mwongozaji mzuri atakwambia bila kuficha. Tatizo ni kwamba wageni wengi hawaulizi, wanataka kuona alipokaa Meryl Streep, mwigizaji wa filamu hiyo.

Jikoni iko kando ya nyumba, na hapo ndipo alipofanya kazi Kamante Gatura. Alikuwa mtoto mchungaji mwenye vidonda vibaya miguuni. Blixen alishindwa kumtibu, akampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti, naye akarudi baada ya miezi mitatu akiwa amepona na amekuwa Mkristo. Akawa mpishi aliyestaajabisha wageni kwa mapishi ya Ulaya ambayo yeye mwenyewe hakuyala. Kamante ana kitu ambacho karibu wenzake wote wa shamba hawakupata: mwaka 1975 masimulizi na michoro yake mwenyewe vilitoka kitabuni, vikikusanywa na mpiga picha Peter Beard. Mtu akiniuliza aanze na kitabu gani kabla ya kuja hapa, namtajia hicho, kisha kile cha bibi, kisha maneno makali ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye alikiona *Out of Africa* kuwa kitabu cha hatari kwa sababu ubaguzi wake umevikwa upendo. Ngũgĩ ana haki katika jambo kubwa: mara nyingi Blixen anawafananisha watu na wanyama wa mbugani, tena kwa sauti ya kuwasifu. Hata hivyo, bila kitabu hicho tusingekuwa na majina ya Kaninu, Kabero na Wanyangerri, maana faili za serikali ziliwaandika kwa idadi tu.

Kinanjui anarudi mara ya mwisho kitabuni akiwa mahututi, mguu umeoza. Hakutaka kupelekwa hospitali ya misheni. Aliomba Blixen amchukue, afie katika nyumba hii. Blixen, aliyekuwa tayari anapoteza shamba na akihofia lawama mtu mkubwa akimfia mikononi, alikataa, na chifu akafa usiku huo. Tukio hili halimo kwenye filamu. Niliwauliza wapwa zangu wangefanya nini, swali lisilo na alama, na mdogo akajibu kwamba angempa chumba cha wageni.

Mwaka 1931 kila kitu kiliisha kwa mpigo. Shamba lilinunuliwa na Remy Martin, mfanyabiashara aliyelikata viwanja vya kuuza kwa Wazungu wenye uwezo, na huo ndio mwanzo wa mtaa wa Karen. Tarehe 14 Mei ndege ndogo ya Finch Hatton ilianguka na kuwaka moto mara tu baada ya kuruka Voi. Alizikwa kwenye vilima vya Ngong, na kaka yake akamsimamishia mnara wa mawe. Ni pointi rahisi sana kwa wasakaji: ina namba, ina njia, ina maandishi ya kunakili. Katika ndege hiyo alikufa pia msaidizi wake Mkikuyu, Kamau, ambaye vitabu humtaja kwa jina hilo moja. Niliwaambia vijana kila wanapoandika jibu la pointi ile waandike majina ya wote wawili, la sivyo wamekosa.

Baadaye nyumba ilipita mikono kadhaa hadi Denmark ilipoinunua na kuikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru. Ikawa sehemu ya chuo cha lishe na sayansi ya nyumbani, na mwaka 1986, upepo wa filamu ukiwa bado unavuma, ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Shamba lilipouzwa, maskwota walipewa notisi ya kuondoka, na kwa sheria ya wakati huo hawakuweza kununua hata kipande cha ardhi waliyozaliwa juu yake. Wazee walimjia Blixen na ombi moja: wakihamishwa, wahamishwe pamoja, majirani wabaki majirani na ng'ombe wao wabaki nao. Miezi yake ya mwisho nchini aliitumia kuzunguka ofisi za Nairobi kwa ajili hiyo, hadi kwa gavana mpya, Sir Joseph Byrne. Nampa heshima yake hapo bila kusita. Walowezi wachache sana walihangaika hivyo. Hatimaye serikali ilikubali kuwapa sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Waliihama ardhi yao kwa ruhusa, wakaingia kwenye msitu ambao nao ulikuwa umechukuliwa kwa Wakikuyu wenzao, na zile ekari 1,000 za mahindi na viazi zikagawanywa kuwa viwanja.

Pointi hiyo ya mwisho sikuipa namba. Niliwapa wapwa zangu jina la Soko la Dagoretti na swali la kumuuliza mzee yeyote watakayemkuta: ni familia gani hapa ambazo babu zao walitoka kwenye shamba la Msabu? Nikawaelekeza waanzie upande wa machinjio, wanakokaa wazee wakisubiri bei ya ng'ombe.